Mhusika mkuu anapoua kwa mikono yake: uchambuzi wa kisa cha sehemu ya tano ya The Sopranos

Kisa chenyewe

Mwaka 1998, tamthilia ya The Sopranos ilipokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya HBO, kituo cha kulipia cha Marekani, muswada wa sehemu yake ya tano ulizua mvutano kati ya mwandishi mkuu wa tamthilia na mkuu wa vipindi wa kituo. Muswada ulimtaka Tony Soprano, bosi wa genge la wahalifu wa New Jersey na baba wa watoto wawili, amvizie mtu aliyewahi kutoa siri za genge hilo kwa serikali, kisha amnyonge kwa waya mchana kweupe, katikati ya safari ya kumtembeza binti yake kwenye vyuo vikuu. Mkuu wa vipindi aliona kwamba tendo hilo lingemuua mhusika mkuu machoni mwa watazamaji kabla tamthilia haijashika mizizi, ilhali mwandishi mkuu aliona kwamba kutolitenda ndiko kungemuua.

Uchambuzi huu unawalenga waandishi wa miswada na watayarishaji ambao wamewahi kurudishiwa kazi na stesheni pamoja na maelekezo ya kumfanya mhusika wao "apendeke" zaidi. Watu wa nyuma ya kamera nimewataja kwa vyeo vyao tu, kwa kuwa mgongano wa aina hii unatokana na nafasi ambazo watu wamezishika, na ungeweza kutokea hivyohivyo kama viti hivyo vingekaliwa na wengine. Jina la tamthilia na majina ya wahusika wa kubuni nimeyaacha, maana bila hayo msomaji hataweza kuitazama sehemu yenyewe na kupima hoja zangu.

Usuli

Sehemu ya kwanza ya The Sopranos ilirushwa tarehe 10 Januari 1999, na sehemu ya tano, iitwayo "College", ilirushwa tarehe 7 Februari mwaka huohuo. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 13. Mvutano ulitokea kabla ya mtazamaji yeyote kuiona hata sehemu moja, kwa hiyo pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya hisia za watu ambao bado hawakuwapo.

Sehemu nne za kwanza zilikuwa zimefanya kazi kubwa ya kumjenga Tony kama mtu wa kuonewa huruma. Anazirai kwa hofu baada ya bata waliokuwa wakiishi kwenye bwawa lake la kuogelea kuruka na kwenda zao, anaanza kumwona daktari wa akili kwa siri, ana mama asiyeridhika na lolote, na ana ami anayemwonea wivu. Ukatili wake ulikuwa umeonyeshwa, lakini kwa namna ya kuchekesha nusu. Katika sehemu ya kwanza, kwa mfano, anamkimbiza mdaiwa kwa gari na kumpiga, na muziki unaosindikiza tukio hilo unamwachia mtazamaji nafasi ya kutabasamu. Mauaji yalikuwa yamekwisha kutokea pia, ila yalifanywa na watu wengine. Mikono ya Tony mwenyewe, mbele ya kamera, ilikuwa bado haijaondoa uhai wa mtu.

Lazima pia kukumbuka desturi ya televisheni ya Marekani ya wakati ule. Katika vituo vinavyoishi kwa matangazo ya biashara, mhusika mkuu aliweza kuua akijihami, akimwokoa mtoto, au akiwa askari kazini, na hata hapo alitarajiwa kujuta kabla kipindi hakijaisha. Wale waliokulia kwenye vibanda vya video vya mitaani kwetu wanaijua kanuni inayofanana na hiyo: stelingi anaua maadui wengi anavyotaka, mradi adui ndiye aliyeanza. Muswada wa "College" ulikuwa unaivunja kanuni hiyo mahali penyewe, kwa sababu adui hakuanza. Alikuwa amejificha mbali akiendesha ofisi ndogo ya wakala wa safari, akiwa na mke na mtoto mdogo wa kike.

Mtiririko wa matukio ndani ya sehemu

Tony na binti yake Meadow wako Maine, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako wamepanga kuvitembelea vyuo vya Bates, Colby na Bowdoin. Ndani ya gari Meadow anamuuliza baba yake waziwazi kama yumo kwenye Mafia. Tony anakana kwanza, anakasirika, kisha anakubali nusu: sehemu ya pesa zake inatokana na kamari haramu na mambo ya namna hiyo. Ni jibu la kweli kiasi cha kumfanya binti ajisikie ameaminiwa, na la uongo kiasi cha kumwacha asijue lolote la maana.

Muda mfupi baadaye, kwenye kituo cha mafuta, Tony anamwona mwanamume anayedhani anamfahamu. Anaamini ni Fabian Petrulio, mwanachama wa zamani wa genge aliyegeuka shahidi wa serikali na kupewa jina jipya chini ya programu ya kuwalinda mashahidi. Anamfuata kwa gari kwa mwendo wa hatari huku binti yake akiwa kiti cha pembeni, na tangu hapo safari inakuwa na shughuli mbili. Kila Meadow anapoingia chuoni au anapotoka na wanafunzi wenzake, Tony anakwenda kwenye simu ya barabarani, anampigia kijana wake Christopher kule New Jersey ili amthibitishie habari, kisha anaendelea kunusanusa. Christopher anajitolea kuja kuifanya kazi hiyo yeye, naye Tony anamkatalia.

Petrulio naye anashtuka kwamba kuna mtu anayemuulizia. Usiku anafika na bastola kwenye moteli, anamlenga Tony aliyekuwa akimwingiza chumbani binti yake aliyelewa, lakini watu wengine wanatokea na anaiacha nafasi hiyo ipite. Anajaribu pia kuwakodi vijana wawili watumiaji wa dawa za kulevya wamuue Tony, nao wanakataa.

Asubuhi Tony anamwacha Meadow chuo cha Colby kwa ajili ya mahojiano, anakwenda kwenye ofisi ya Petrulio pembezoni mwa msitu, anamvamia kwa nyuma na kumnyonga. Petrulio anajitetea kwamba usiku uliotangulia angeweza kumuua na hakumuua. Utetezi huo haumsaidii. Tukio ni refu kuliko mazoea ya televisheni. Mtazamaji anauona uso wa Tony ukikaza na kulegea kama wa mtu anayefanya kazi ya nguvu, na waya unamkata mwenyewe mkononi. Anaporudi kumchukua binti yake amechelewa, ana matope kwenye kiatu na jeraha mkononi. Meadow anauliza, Tony anadanganya, na safari hii Meadow anajua kwamba anadanganywa.

Wakati huohuo nyumbani New Jersey, Carmela, mke wa Tony, anaumwa mafua. Padre kijana wa parokia anakuja jioni ya mvua kula pasta yake, wanakunywa mvinyo, na Carmela anaishia kuungama. Anasema kwamba anajua uovu uliomo katika ndoa yake na ameuruhusu uwafikie hata watoto wake kwa sababu ya starehe unazomletea. Padre anampa ondoleo la dhambi na komunyo. Baadaye wanakaribia kubusiana, tumbo la padre linachafuka kwa pombe, na analala kwenye kochi mpaka asubuhi. Katikati ya jioni hiyo simu inalia kutoka kwa daktari wa akili wa Tony, na Carmela anagundua kwamba daktari ambaye mumewe hakumweleza vizuri ni mwanamke.

Mvutano na uamuzi

Hoja ya mkuu wa vipindi haikuwa ya kipuuzi, ingawa leo ni rahisi kumcheka. Kituo kilikuwa kimeingiza fedha nyingi katika tamthilia ambayo uzito wake wote ulimwegemea mtu mmoja, naye aliona kwamba mwandishi alikuwa amemjenga mhusika wa kipekee, na sasa anataka kumbomoa katika sehemu ya tano. Mtazamaji akishamchukia Tony, sehemu nane zilizobaki zingemhusu mtu ambaye hakuna anayejali afe au apone.

Hoja ya mwandishi mkuu ilisimama juu ya msingi mwingine. Tumekwisha kuwaambia watazamaji kwamba mtu huyu ni bosi wa wahalifu, na kwamba katika ulimwengu wake mtoa siri huuawa. Akikutana na mtoa siri uso kwa uso, bila polisi karibu, kisha akamwacha aende zake, mtazamaji hatamwona kuwa mwema. Atamwona kuwa feki, na pamoja naye ataiona tamthilia nzima kuwa feki.

Mwandishi yeyote aliyeketi kwenye kiti hicho alikuwa na njia kadhaa za kukwepa. Angeweza kumtuma Christopher, na Tony akabaki safi kiasi. Angeweza kumfanya Petrulio afyatue risasi kwanza. Angeweza kumfanya Tony amwangalie binti yake amelala, aguswe moyoni, na aondoke Maine mikono mitupu. Inafaa kuangalia jinsi muswada unavyozishughulikia njia hizo, kwa kuwa zote zimo ndani yake: Christopher anajitolea, Petrulio anashika bastola, na Tony anamwangalia binti yake. Kila mlango wa kutokea umeonyeshwa wazi, na mhusika anaupita bila kugeuka.

Mwishowe mauaji yalibaki, lakini kwa makubaliano. Petrulio alifanywa kuwa mtu mbaya na wa hatari zaidi kuliko ilivyokusudiwa mwanzoni. Ndiyo maana tunamwona akiendelea kuhusiana na dawa za kulevya na akitafuta watu wa kumuua Tony.

Matokeo

Watazamaji hawakumkimbia Tony. Sehemu hii ilipata tuzo ya Emmy ya mwaka 1999 ya uandishi bora wa tamthilia, na mwigizaji wa Carmela alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi yake katika sehemu hiihii. Mwaka 2009 jarida la TV Guide liliiweka nafasi ya 2 katika orodha yake ya sehemu 100 bora za televisheni za nyakati zote. Tamthilia yenyewe iliendelea kwa misimu sita na sehemu 86 hadi Juni 2007, na katika muda huo Tony aliua tena kwa mikono yake zaidi ya mara moja. Mwaka 2007 anamuua Christopher yuleyule wa kwenye simu, ambaye yuko mbele yake akiwa amejeruhiwa kwenye ajali ya gari na hana uwezo wa kumdhuru yeyote. Kufikia hapo hakukuwa tena na haja ya kutafuta bastola ya kumshikisha marehemu.

Uchambuzi

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kama ushindi wa msanii juu ya bosi mwoga. Nadhani usimulizi huo unapoteza funzo lake kubwa, lililo katika namna makubaliano yalivyotekelezwa.

Mkuu wa vipindi alikuwa sahihi kuhusu tatizo. Kama Petrulio angebaki baba mtulivu wa mji mdogo tangu mwanzo hadi mwisho, mtazamaji wa 1999, ambaye hakuwa na mazoea ya kumfuata muuaji wiki baada ya wiki, huenda angesimama upande wa Petrulio moja kwa moja. Alikosea kuhusu dawa. Alitaka tendo liondolewe, ilhali kilichohitajika ni kumpa mtazamaji kitu cha kushika wakati tendo likifanyika. Nimeona mara nyingi maelekezo ya stesheni yakijadiliwa kana kwamba tatizo na dawa ni kitu kimoja, mwandishi akiikataa dawa basi na tatizo analikana, na hapo ndipo mazungumzo yanapokufa.

Sasa tazama mahali ambapo hatari ya Petrulio ilipachikwa. Usiku wa moteli mtazamaji anaiona bastola, lakini Tony haioni. Hajui kwamba amelengwa. Nia yake ya kuua ilizaliwa pale kituo cha mafuta, wakati Petrulio hajafanya lolote zaidi ya kuonekana, na haikuongezeka wala kupungua kwa sababu ya hatari ambayo hakuijua. Hivyo nyongeza iliyodaiwa na kituo inamtuliza mtazamaji bila kumsafisha mhusika. Mtazamaji anaweza kujiambia kwamba angalau yule naye alitaka kuua, na akiendelea kuwaza kidogo anagundua kwamba udhuru huo ni wake yeye mtazamaji. Tony hakuwahi kuuhitaji. Kama mwandishi angelitimiza agizo kwa uvivu, kwa kumfanya Tony agundue njama na kuamua kujihami, sehemu ingerudi kwenye kanuni ya zamani na mvutano wote ungekuwa wa bure. Kati ya kutii agizo na kulikataa kulikuwa na nafasi ya tatu, na ilipatikana kwa kuuliza nani ajue nini, na lini.

Kwa kipimo hichohicho, tukio la vijana wawili wanaotaka kukodiwa ndilo dhaifu kuliko yote. Linatuambia jambo ambalo usiku wa moteli umekwisha kutuonyesha kwa nguvu zaidi, vijana wenyewe hawana maisha nje ya kazi ya kulieleza, na linamfanya Petrulio aonekane mdogo na mjinga katika sehemu ambayo ingenufaika na woga wake. Ukilitoa, hakuna kinachoanguka. Hapa gharama ya makubaliano inaonekana kwa macho, na sioni haja ya kuificha kwa sababu tu sehemu ilishinda tuzo.

Jambo la pili lililofaulu halihusiani na mvutano moja kwa moja, lakini bila hilo mauaji yasingebebeka. Dhamiri ya sehemu hii haikuwekwa kwa muuaji. Iliwekwa kwa mkewe. Tony haulizi kama alilofanya ni baya. Anarudi garini akiwa mtu aliyemaliza kazi na karibu amechangamka. Anayeuliza ni Carmela, mbali, juu ya kochi, mbele ya padre, bila kujua kwamba huko Maine kuna mtu anayetafutwa auawe. Maungamo yake yanapima tendo ambalo hajaliona, na kwa hiyo mwandishi hakulazimika kumpa Tony ile hotuba ya majuto ambayo ingeharibu kila kitu. Ukali wa mpango huu unazidi pale Carmela anapopata ondoleo la dhambi na asubuhi yake kuendelea na maisha yaleyale, kwa pesa zilezile. Kwa hiyo mtazamaji aliyetaka mtu wa kumkimbilia ili apate kupumua anamkuta naye amehusika. Tuzo ya mwigizaji wa Carmela kwa sehemu hii, ambayo watu huikumbuka kwa waya wa Tony, inanishawishi kwamba uzito wake halisi ulikuwa nyumbani.

Meadow naye anabeba sehemu yake ya mzigo. Kwa kuwa Tony alianza safari kwa kumpa nusu ya ukweli, uongo wa mwisho kuhusu matope na jeraha una bei inayoonekana. Binti aliyekuwa amefurahi kuaminiwa anaelewa ndani ya gari lilelile kwamba mlango umefungwa tena. Mauaji hayakuadhibiwa na polisi wala na ndoto mbaya, ila yaligharimu kitu ambacho Tony alikuwa amekipata siku moja tu kabla. Mwandishi anayeogopa kwamba tendo baya lisiloadhibiwa litaonekana limesifiwa anaweza kujifunza hapa: hasara ilitozwa mahali ambapo mhusika hakuwa ameweka ulinzi.

Siwezi kusema hivyo kuhusu maandishi ya Nathaniel Hawthorne ambayo Tony anayaona ukutani chuoni Bowdoin, alikosoma mwandishi huyo katika karne ya 19, na ambayo yanamhusu mtu mwenye sura mbili. Baada ya kuonyeshwa sura hizo mbili kwa karibu saa nzima, mtazamaji hakuhitaji kusomewa ukutani. Ni wakati mmoja ambapo sehemu hii haikumwamini mtazamaji wake, na cha ajabu ni kwamba hakuna bosi wa kituo wa kulaumiwa kwa hilo.

Linabaki suala la mazingira. HBO iliishi kwa ada za kila mwezi za wateja, kwa hiyo hakukuwa na kampuni ya sabuni ambayo ingepiga simu asubuhi ya Jumatatu kuondoa tangazo lake. Mkuu wa vipindi alipokubali, alikuwa akihatarisha imani ya watu waliokwisha kulipa, na hao huvumilia mengi mradi wanapata kisichopatikana kwingine. Mwandishi anayeandikia stesheni inayoishi kwa matangazo hawezi kuuchukua uamuzi huu mzimamzima na kuupeleka kwenye kikao chake. Anachoweza kuchukua ni mpangilio wa kazi: sehemu nne za kumjenga mtu kabla ya tendo, milango ya kutokea iliyoonyeshwa ndani ya muswada wenyewe ili stesheni isiweze kusema haikufikiriwa, na nyongeza ya hatari iliyowekwa upande wa mtazamaji peke yake. Kwa mpangilio huo angekwenda kikaoni akiwa na jibu kwa hofu ya stesheni, hata kama mwishoni angelazimika kukubali tukio lake la vijana wawili.